Mkanda wa Kiti cha Mbele

Jua lilikuwa linazama nilipomkuta Daktari Khatibu nyuma ya nyumba yake pale Kibondo, anafuta vumbi kwenye gari ambalo halikuwa na vumbi. Mimi ndiye niliyekuwa na vumbi. Nilitoka Kasulu asubuhi, basi likatufia njiani, nikafika nimekuwa mwekundu kuanzia kope mpaka soksi. Sikuwa na hamu ya maneno mengi. Nilione gari, nilijaribu, tukubaliane bei, nilale kwa binamu yangu, kesho yake nirudi nyumbani Heru Juu nikiwa nyuma ya usukani.

Naitwa Pasikali. Kazi yangu ni kununua maharage kwa wakulima na kuwauzia wenye malori. Kwetu ukitajwa kuwa unataka kununua gari, watu wanadhani umevimba kichwa. Mimi sikuvimba chochote. Nilikuwa nanunua gari kwa sababu ya aibu.

Mwaka uliotangulia mke wangu Rosa alishikwa na uchungu kabla ya wakati, jioni ya mvua. Nikampakia kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Ile njia ya kushuka Kasulu mjini mvua ikinyesha ni sabuni tupu. Tulianguka. Tukainuka, tukaanguka tena. Tulipofika hospitali mtoto alikuwa ameshaenda zake. Rosa hakunilaumu hata siku moja, na hapo ndipo aliponimaliza. Angenitukana ningepumua. Yeye akisikia pikipiki inapita nje alikuwa anashika tumbo tu, kimya, na mimi nageukia ukuta.

Sasa alikuwa na mimba nyingine. Ilikuwa Agosti, mwaka 2015, na mvua zilikuwa zinakuja. Niliapa kwamba safari hii mke wangu atashuka ule mlima ndani ya gari, amekaa, amejifunika, kama mke wa mtu.

Tatizo ni gari gani. Gari la petroli tupu ningeweza kulinunua ila nisingeweza kulinywesha. Faida ya maharage ni nyembamba na petroli ya huku kwetu inapanda kabla ya kila kitu. Ndipo nikasikia kuna daktari Kibondo anauza haibridi, gari la mseto, linalotumia petroli na umeme wake lenyewe. Linakula nusu ya wenzake. Nikakaa usiku mzima napiga hesabu. Upande mmoja, mafuta kidogo. Upande wa pili, betri lake kubwa likifa hakuna fundi wa kulifungua kuanzia Kigoma mpaka Nyakanazi, na tumbo la gari lenyewe liko chini, linakwangua kila jiwe. Shemeji yangu Sylvesta, kaka yake Rosa, dereva wa lori, aliniambia nisithubutu. Alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hilo gari la daktari linajitembeza kupita kiasi. Alikuwa anasema kweli. Yule daktari alikuwa amenishushia bei kwenye simu mara tatu, na mimi sikuwa nimemwomba.

Lakini mtu mwenye shida haulizi kwa nini mlango uko wazi. Anaingia.

Daktari Khatibu alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, sauti ya chini, mpole hata unamwonea huruma. Alinikaribisha maji, sikunywa. Nikafungua mlango wa dereva, nikaingia. Ndani kulikuwa safi. Ila niliona kitu kimoja. Kiti cha abiria, kile cha mbele, kilikuwa kitupu, na mkanda wake umefungwa. Umepita juu ya kiti kitupu, umebana barabara.

Nikadhani ni mambo ya wasomi. Nikamwambia daktari apande tuzunguke kidogo. Akafungua mlango wa nyuma.

Nilimwambia mimi siyo dereva wake, aje mbele tuongee kama watu. Akasema amezoea kukaa nyuma. Kwenye gari lake mwenyewe. Nikamwangalia kwenye kioo, akatazama pembeni.

Akaniambia nikanyage breki, nibonyeze kitufe. Nikabonyeza. Taa zikawaka kwenye dashibodi, basi. Nikabonyeza tena. Akaniambia nisibonyeze, limeshawaka.

"Mbona halilii?"

"Ndivyo lilivyo," akasema. "Likienda polepole linatumia umeme. Halilii kabisa."

Tukatoka. Wallahi lile gari lilikuwa linateleza tu. Nilisikia kokoto chini ya matairi, nikasikia mbwa wa jirani, nikasikia daktari anavyopumua. Tukaingia barabara ya kwenda Kasulu, saa ile watu wanatoka sokoni. Walikuwa wanatembea katikati ya njia na mizigo kichwani, hawajui kama niko nyuma yao. Hawanisikii. Nilipopiga honi mama mmoja aliruka mpaka ndoo yake ya dagaa ikamwagika. Alinitazama kwa namna ambayo nilitamani kushuka nimwokotee.

Mtu asiye wa huku hawezi kuelewa. Kwetu Buha, nchi ya Waha, humpiti mtu bila kumsalimia. Hata kwa baiskeli unapunguza mwendo unasema neno. Gari ndiyo linasamehewa, kwa sababu mlio wake umeshakusalimia tangu mbali, wewe unasogea pembeni, yanaisha. Gari hili lilikuwa linawapita watu kama mwizi. Nikaona uso unaniwaka.

Tulipofika kwenye mteremko, nje kidogo ya mji, nikasimama pembeni ili nikague vitu. Taa, vioo, breki ya mkono. Giza lilikuwa limeanza kuingia kwenye miti. Nikaona nikague na ule mkanda. Nikabonyeza, ukafunguka.

Ting.

Kataa kekundu kakawaka kwenye dashibodi. Kale kanakowaka abiria akikaa bila kufunga mkanda.

Ting... ting... ting...

"Funga mkanda," daktari akanong'ona.

Nikamwambia hakuna mtu hapa, labda waya umelegea. Nikapeleka mkono nipapase kile kiti. Sponji lilikuwa limebonyea. Limebonyea katikati, kama kuna aliyekaa. Na lilikuwa na joto.

"Funga, ndugu yangu. Tafadhali."

Halafu nikasikia harufu. Moshi wa kuni na siagi. Siyo siagi ya dukani, ile siagi ya ng'ombe iliyokaa, ambayo bibi zetu walikuwa wanajipaka miguuni. Nilikuwa sijaisikia tangu tulipomzika bibi yangu.

Na kisha...

Pa.

Pa... pa.

Makofi. Ya taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili vitoe sauti nzito. Yanatoka pale pale, kwenye kiti.

Nywele zilinisimama, lakini siyo kwa sababu unayodhani. Nilikuwa nayajua yale makofi. Ndiyo salamu ya wakubwa wetu. Mwanamke mzee wa Kiha akikutana na mtu anainama kidogo, anapiga makofi polepole, anasema "mwidiwe", yaani habari za jioni. Na wewe ukiwa umezaliwa na watu unaacha ulichoshika, unapiga yako, unaitikia. Nilichapwa utotoni kwa kuchelewa kuitikia. Ndiyo maana mikono yangu ilikuwa imeshaachia usukani. Ilikuwa inakutana hewani yenyewe.

Daktari akanidaka mabega kutoka nyuma.

"Usiitikie," akaninong'oneza sikioni. "Chochote utakachofanya, usiitikie."

Aliinamia mbele, akavuta mkanda, akaufunga juu ya kile kiti. Ule mlio ukakoma. Makofi yakakoma. Harufu ikabaki.

Niliruka nje ya gari, nikakimbilia kwenye majani. Mwanaume mzima, ninayebeba gunia la maharage peke yangu. Naye akatoka. Akaniambia habari yake pale pale, akiwa ameipa mgongo taa ya gari nisimwone uso.

Ilikuwa mwezi wa tano, watu walipokuwa wanavuka kutoka Burundi kwa miguu, wengine wakipitia njia ya Mabamba. Jioni, anashuka mteremko huu huu, gari linatumia umeme. Kulikuwa na bibi kizee katikati ya njia, peke yake, hana mzigo. Hakusikia gari. Daktari alimwona kwa kuchelewa. Hakumgonga kwa nguvu, alimgusa tu, bibi akakaa chini. Akambeba, akamweka kiti cha mbele. Hakuwa na jeraha. Njia nzima alikuwa anapiga makofi na kusema neno moja kwa sauti ndogo. Daktari wakati ule hakujua kama ni salamu. Alidhani bibi amechanganyikiwa, au anamwombea mabaya. Akamwambia anyamaze. Kisha akamfokea.

"Nilimfokea," akarudia. "Mimi daktari."

Walipofika hospitali alikuwa ameshakata roho, mikono imekutana mapajani. Hakuna aliyekuja kumdai. Wakimbizi walisema siyo wa kwao, vijiji vya jirani vikasema hakuna bibi aliyepungua. Akazikwa na halmashauri. Tangu hapo kila magharibi yuko kwenye kile kiti. Ukimfunga mkanda anatulia. Kumwitikia hakuthubutu, hakujua kingefuata nini. Nilimuuliza kama amewahi kumwambia mtu. Akasema atamwambia nani, amesoma miaka yote ile, wenzake si watamcheka. Alikuwa anaona aibu kuliko hata hofu.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo ninapopaona kila ninapofumba macho. Yule mtu alikuwa analia. Kuna bibi wa watu aliyekufa anasalimia na hajaitikiwa. Na mimi, Pasikali, mtoto niliyelelewa na watu, kitu cha kwanza kilichokuja kichwani kilikuwa bei.

Nilimwambia apunguze.

Alinitazama kama hakunisikia. Nikamwambia gari lenye jambo kama hilo haliwezi kuuzwa bei ya gari safi. Betri sijui lina afya gani, gari liko chini, na juu ya yote lina abiria. Nilimhesabu yule bibi pamoja na kasoro nyingine za gari. Daktari akasema nitaje ninachotaka. Nikataja kitu cha aibu. Akakubali, hakubisha hata kidogo, akaniomba tu nimshike mkono kwamba sitamtaja jina kwa watu. Tukashikana mikono. Wa kwake ulikuwa baridi, wangu ulikuwa na jasho.

Nilipiga hesabu upya usiku ule kwa binamu. Mafuta nusu. Bei nusu. Abiria hali, hanywi, anataka mkanda tu. Na Rosa atashuka mlima salama. Nikajiambia gari hili ni jibu la maombi.

Asubuhi nikaondoka na jua. Njia nzima mpaka Kasulu kile kiti kilikuwa kiti tu.

Nyumbani nilipokelewa kwa vigelegele. Rosa alilizunguka gari mara mbili, tumbo mbele, akafungua mlango wa kiti cha mbele akiwa anacheka. Nikamshika mkono haraka kuliko inavyofaa. Nikamwambia mkanda wa pale umekwama, hautoki, akae nyuma mpaka nipate fundi. Alinitazama. Akaniuliza kama nimenunua gari la kumpakia yeye nyuma kama gunia la maharage. Watu wakacheka, Sylvesta akacheka kuliko wote, nami nikacheka. Rosa alikaa nyuma. Jumapili tulienda kanisani hivyo, mimi mbele peke yangu, mke nyuma, kiti kitupu kimefungwa mkanda. Majirani wakaanza kusema Pasikali amegombana na mkewe. Wengine, walipoona gari linapita jioni halina mlio, walisema mambo mengine. Watoto walikuwa wanakimbilia ndani.

Sikuwahi kuendesha magharibi. Nilikuwa narudi mapema kama kuku. Mara moja tu mvua ilinichelewesha, giza likanikuta njiani, nikasikia pembeni yangu mtu anavuta pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu anayesubiri. Nilikaza macho mbele nikaimba nyimbo za kanisani kwa sauti mpaka nyumbani.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikashika kweli. Siku hiyo ilinyesha tangu mchana. Rosa alikuwa anachambua mboga barazani, akaacha ghafla, akashika nguzo. Nilimwona. Nikatazama juu, nikatafuta jua, na jua lilikuwa linaondoka.

Ningefanya nini? Bodaboda? Nilimfunga khanga mbili, nikamlaza kiti cha nyuma, nikakagua ule mkanda wa mbele. Umefungwa. Nikauvuta tena ili nihakikishe. Tukaanza kushuka.

Matope yalikuwa yanapiga tumbo la gari. Rosa alikuwa anauma khanga asipige kelele. Nilikuwa namwambia tunafika, tunafika, na kweli tulikuwa tunakwenda, mimi na ahadi yangu. Tulipofika pale kwenye kona, pale pale ambapo bodaboda ilituangusha mwaka jana, taa za dashibodi zikafifia. Gari likapunguza mwendo. Likasimama. Nilikanyaga mafuta, kitu hakuna. Nikabonyeza kitufe, kikawaka, kikazima.

Mvua tu juu ya paa.

Kach.

Mkanda ulifunguka. Wenyewe. Ukarudi kwenye nyumba yake taratibu, kama kuna mtu ameusindikiza kwa mkono.

Ting... ting... ting...

Ile harufu ya siagi ikajaa gari zima.

Pa.

Pa... pa.

"Pasikali," Rosa akasema kutoka nyuma, sauti imekauka. "Nani anapiga makofi?"

Alikuwa anasikia. Sikuwa nimewaza kwamba atasikia. Nikageuka. Mke wangu alikuwa na uchungu wa kuzaa, jasho linamtiririka, na bado mikono yake miwili ilikuwa inainuka kutoka tumboni, viganja vinatafutana. Amelelewa kama nilivyolelewa. Mdomo wake ulikuwa umeanza, nikausikia, "Mwi..."

Usiitikie. Daktari alisema usiitikie. Sikujua anayeitikia anapatwa na nini, lakini nilijua hawezi kuwa Rosa. Hawezi kuwa yeye na aliye tumboni. Nikageukia kile kiti, nikapiga makofi. Nikapiga vizuri, nimeinamisha kichwa.

"Mwidiwe, mama."

Ule mlio ukakatika.

Kisha nikasikia sauti. Sitaisema ilikuwaje. Ilikuwa sauti ya bibi wa kawaida kabisa, ndiyo maana sitaisema. Aliniuliza kwa Kiha kama nyumbani hawajambo. Nikasema hawajambo. Akauliza kama ng'ombe hawajambo. Sina ng'ombe, lakini hivyo ndivyo inavyoulizwa, nikasema hawajambo. Akauliza watoto.

Rosa alitoa mlio nyuma yangu.

Nikasema yuko njiani.

Akapiga makofi, mepesi, ya kufurahi. Nami nikapiga. Na hapo salamu yetu ina mwisho wake. Huwezi kuiacha katikati. Ukiwa umeulizwa nyumba nzima na mtu mzima aliyesimama njiani, unamalizia kama ulivyofundishwa, huna hata haja ya kufikiri, mdomo unajua.

"Karibu nyumbani, mama," nikasema.

Mlango wa mbele ukafunguka. Mvua ikaingia. Ukafungwa, polepole, kwa adabu.

Dashibodi ikawaka yote. Injini ya petroli ikanguruma kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, na mimi nikakanyaga.

Mtoto alizaliwa hata kabla sijamaliza kuandikisha jina la mama yake. Msichana, mzima, analia kama king'ora. Tukamwita Dorcas. Nililia kwenye veranda ya wodi mbele za watu, Sylvesta akanishika bega, akaniambia sikukosea kununua lile gari.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia Rosa aje akae mbele. Akakaa na mtoto. Kiti kilikuwa kiti. Magharibi nilikaa mle ndani peke yangu bila kufunga ule mkanda wa abiria, nikasubiri mpaka giza likajaa. Hakuna harufu, hakuna pumzi. Rosa hakuuliza kuhusu siku ile. Alisema uchungu ulimpanda kichwani, alisikia vitu. Nikamwambia ndiyo, huwa inatokea.

Daktari Khatibu alinipigia simu. Alikuwa amehamishwa mkoa mwingine. Alizunguka sana, akaniuliza habari za mvua, za maharage, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama bado yupo. Nikamwambia hayupo tena kwenye gari. Nikamsikia anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, anavuta kamasi. Nilikata simu. Nilichomwambia kilikuwa kweli tupu na bado niliona haya.

Kwa sababu wiki ile ile nilikuwa nimeanza kuona mtoto wetu halii magharibi. Watoto wote wanalia magharibi. Dorcas alikuwa akilazwa peke yake chumbani anatulia, na ukitega sikio unasikia, kwa mbali sana, taratibu... Rosa akaniambia siku moja, ananitania, kwamba hakujua kama najua kubembeleza mtoto. Makofi mazuri yale, nimejifunza wapi. Nilikuwa nimetoka ghalani nina vumbi la maharage mikononi. Nikasema kazi ya baba hiyo. Akacheka, akanishika shavu. Ilikuwa mara ya kwanza kunishika shavu tangu ile bodaboda. Ningemwambia nini?

Nikaamua kuuza gari. Nilijidanganya kwamba alikuja nalo, ataondoka nalo.

Mnunuzi hakuchelewa. Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilikuwa imefunguliwa tena, wafanyakazi wa mashirika walikuwa wanatafuta usafiri kama dawa. Akaja dada mmoja anaitwa Careen, kijana, mchangamfu, katoka kuajiriwa. Alifika jioni. Alilikagua kila mahali, akauliza betri, akauliza mafuta, akakaa kiti cha mbele, akaruka ruka pale kujaribu sponji. Hakuna kilicholia. Akanitazama usoni.

"Kaka, niambie ukweli. Lina tatizo lolote?"

"Halina," nikasema.

Nilimwuzia bei ya gari safi, zaidi ya ile niliyonunulia. Akanihesabia noti pale uani. Rosa alikuwa karibu yangu anaanua nguo za mtoto kwenye kamba. Careen akawasha, gari likatoka bila mlio, likashuka njia, likapotea. Nilisimama na hela mikono miwili, natega sikio, naomba.

Pa.

Pa... pa.

Yalitoka ndani. Chumbani kwa mtoto. Na Dorcas akacheka, kile kicheko kidogo cha watoto wachanga.

Rosa aliacha nguo. Alitazama mlango wa nyumba. Kisha akatazama mikono yangu. Aliitazama kwa muda, ilivyoshika zile noti, haiendi popote. Halafu akaniinulia macho.

"Pasikali," akanong'ona. "Nani yuko na mtoto?"

Nilikuwa nalijua jibu lote, toka mteremko wa Kibondo mpaka kwenye kona ya mvua. Nilijua hata nani aliyemkaribisha. Nikafungua mdomo, nikaona aibu, nikaufunga. Rosa akatupa nguo chini akakimbilia ndani, na kabla hajafika mlangoni nilimsikia anaitikia.